Tulimwita usiku kucha, hakuitika

SWALI: Mama yangu ana miaka 77. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na miaka mitatu iliyopita madaktari walimkuta na demensia, hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwezi uliopita, saa kumi jioni, nilikaa kitini nikapitiwa na usingizi, dakika ishirini hivi. Nilipozinduka mlango ulikuwa wazi, mama hayupo. Tulimtafuta usiku kucha, sisi na majirani. Alipatikana asubuhi kichakani, kama mita mia sita kutoka nyumbani, yu hai lakini amedhoofika sana. Mahali pale tulipita si chini ya mara nne tukimwita kwa sauti. Kwa nini hakuitika? Kaka yangu anataka tuwe tunamfungia ndani kwa kufuli. Kila jioni bado anasema, "Wanafunzi wananingoja," nami sijui nimjibu nini. Tangu siku ile silali.

JIBU: Dada yangu, naanzia pale ulipomalizia, kwenye usingizi.

Desemba 2007, katika mji wa Obu nchini Japani, mzee wa miaka 91 mwenye demensia alitoka nyumbani bila mtu kujua, akaingia kwenye njia ya reli, akagongwa na treni akafa. Mkewe, bibi wa miaka 85 aliyekuwa akimtunza, alikuwa amesinzia kidogo. Kampuni ya reli ikaishtaki familia ikidai fidia ya hasara iliyoipata, na mwaka 2013 mahakama ya kwanza ikawaamuru bibi yule na mwanawe mkubwa walipe yen milioni 7.2 hivi. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Machi 2016 iliamua kwamba hakuna kati yao anayepaswa kulipa. Kuwa mke au mtoto wa mgonjwa, ilisema, hakumfanyi mtu moja kwa moja awe mlinzi wake mbele ya sheria. Nakusimulia kisa hiki kwa sababu majaji wale waliulizwa swali lile lile unalojiuliza wewe usiku, tena katika nchi ambayo polisi wake hupokea kila mwaka taarifa zaidi ya 18,000 za watu wenye demensia waliopotea. Hakuna mwili wa binadamu unaoweza kukesha mchana na usiku kwa miaka mitatu. Uliposinzia hukufanya uzembe. Ulichoka.

Tena huenda unajiambia kwamba dalili zilikuwepo ukazipuuza. Mara nyingi dalili hazipo. Kupotea kwa mara ya kwanza hutokea siku ya kawaida kabisa, katika jambo ambalo mgonjwa amelifanya mara elfu: kwenda chooni, kuchungulia nje, kuanika nguo. Chama cha Alzheimer cha Marekani kinakadiria kuwa watu sita kati ya kumi wenye demensia hutoka wakapotea angalau mara moja. Mama yako yumo katika walio wengi.

Sasa tuingie kichwani mwake, maana huko ndiko jibu la swali lako kubwa liliko.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971 mwanasayansi John O'Keefe alieleza kwamba katika sehemu hiyo ya ubongo wa panya zimo seli zinazowaka mnyama anapofika mahali fulani tu: seli hii kwa kona hii, ile kwa kona ile. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao, wakaeleza seli za aina nyingine katika eneo la jirani, zinazopanga nafasi kwa mpangilio wa pembe sita, kama sega la nyuki. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya 2014. Ramani unayotembea nayo kichwani bila kuifikiria imekaa huko. Na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha demensia kwa wagonjwa wengi, huanza kuharibu maeneo hayo hayo mapema kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na miguu imara, salamu nzuri na utani wake wa siku zote, huku ramani yake imeshachanika.

Pamoja na ramani huondoka kumbukumbu za karibuni. Za zamani hubaki muda mrefu zaidi. Weka hayo mawili pamoja, kisha ongeza saa kumi jioni. Wagonjwa wengi huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama: wamechoka, mwanga unapungua, vivuli vinawababaisha, na saa ya mwili imevurugika. Mama yako akatazama sebule asiyoitambua vizuri, akahisi kuna jambo la lazima linamngoja, na akili yake ikampa jambo lililokuwa la lazima kwake kwa miaka mingi. Wanafunzi. Akaondoka.

Watu husema wagonjwa hawa "huzurura". Neno hilo silipendi, na si kwa sababu ya adabu tu. Anayezurura hana aendako, kwa hiyo anayemtafuta hutawanyika kila upande. Mama yako alikuwa na aendako, isipokuwa mahali penyewe palikuwa miaka thelathini nyuma. Ukimtafuta kama mtu anayezurura utampita. Nadhani ndivyo mlivyompita.

Kwa nini hakuitika? Ya kwanza ni kwamba huenda hakujua kuwa amepotea. Aliyepotea akajijua hupiga kelele, hurudi nyuma, huuliza njia. Mwenye demensia anaweza kukutana na mtu barabarani akaulizwa kama yuko salama, akajibu "Sijambo, asante," akaendelea na safari, na yule mtu asishuku lolote. Sauti zenu usiku ule zilikuwa zikimtafuta mtu aliyepotea, naye hakujihesabu kuwa mtu huyo.

Ya pili ni jina. Mlikuwa mkiita "Mama!" Katika saa ile huenda hakuwa mama wa mtu yeyote. Huenda alikuwa mwalimu wa miaka ishirini na mitano, au binti wa miaka kumi anayetembea kwenda kwao. Mtu wa umri huo ana jina ambalo wazazi wake na wenzake wa shule walimwita. Je, kuna hata mmoja wenu aliyeliita jina hilo? Na kama lugha yake ya utotoni si hii mnayozungumza naye sasa, je, kuna aliyemwita kwa lugha hiyo? Lugha iliyojifunzwa kwanza mara nyingi ndiyo hudumu zaidi.

Ya tatu ni hofu. Fikiria kiza, mwanga wa tochi machoni, sauti nyingi za watu usiowatambua zinakaribia zikipiga kelele. Mimi ningejificha.

Na ya nne, ambayo wengi hawaijui: kuitika ni kazi ndefu. Lazima usikie, utambue kuwa ni sauti ya mtu, utambue kuwa inakuita wewe, uamue kujibu, utafute neno, kisha ulitoe. Kwa mgonjwa, mnyororo huo hukatika katikati. Anaweza kuwasikia kabisa na bado asitoe sauti.

Mtafiti wa Kimarekani Robert Koester amekusanya kumbukumbu za makumi ya maelfu ya operesheni za kutafuta watu waliopotea. Picha ya wagonjwa wa demensia inayotokana nazo ni ya pekee. Huenda mbele mpaka wakwame. Wakikutana na kichaka, ua wa waya au mtaro, hawazunguki wala hawarudi; hujipenyeza, na pale wanaponasa ndipo wanapobaki. Hawaiti msaada. Hawaitiki. Na karibu nusu yao hupatikana ndani ya takriban kilomita moja kutoka walipoonekana mara ya mwisho. Mita mia sita, kichakani, kimya: mama yako alifanya yale ambayo wagonjwa wenzake hufanya. Inawezekana pia kwamba mlipopita mara ya kwanza na ya pili alikuwa bado hajafika pale.

Kwa hiyo likitokea tena, nawaomba mlifanye kwa namna nyingine. Dakika kumi na tano za kwanza ni za nyumba yenyewe, kila chumba, kabatini, chini ya vitanda, bafuni, stoo, ndani ya gari, nyuma ya tangi la maji. Wengi wamekutwa humo baada ya mtaa mzima kukesha. Hajaonekana? Polisi, papo hapo. Kuna imani imeenea kwamba lazima usubiri saa 24 kabla ya kutoa taarifa. Kwa mgonjwa wa demensia imani hiyo inaua. Saa zinavyopita ndivyo kiu, baridi, jua kali na majeraha vinavyomshinda mzee, na asiyepatikana ndani ya siku moja yuko katika hatari kubwa ya kuumia vibaya au kufa. Waambieni polisi neno hili mwanzoni kabisa: ana demensia, hawezi kujitafutia msaada. Msiseme tu "mama yetu mzee hayupo", kwa sababu mtu mzima anayeamua kuondoka kwake hushughulikiwa tofauti.

Kisha gawaneni. Mmoja abaki nyumbani na simu, taa zimewashwa, mlango wazi. Kundi moja lipekue eneo la karibu kwa miguu na kwa macho, mkilifunua kila kichaka, kila mtaro, kila pengo la ua, na kuanzia kwenye maji yoyote yaliyo jirani: kisima, mto, bwawa. Acheni kuita mkipita, ingieni mtazame. Na mahali palipokwisha kutazamwa patazamwe tena baada ya saa moja. Kundi la pili, dogo, liende kule ambako yeye angekwenda, kwenye shule aliyofundisha, nyumba ya zamani, njia aliyokuwa akipita, na liongee na madereva na makondakta wa mabasi. Utasikia ushauri kwamba mgonjwa hufuata upande wa mkono anaoutumia, wa kulia akienda kulia. Mimi siutegemei, na nisingependa watu wanne wapotelee upande mmoja kwa sababu yake.

Mkimwona, asikimbiliwe. Aje mtu mmoja, kwa mbele, taratibu, ajitambulishe, amsalimu. Asimuulize "Ulikuwa wapi?" wala asimgombeze. Amuulize anakwenda wapi, atembee naye hatua chache kuelekea huko, halafu wageuke pamoja.

Nije kwa kaka yako. Sidhani ni mkatili. Ameogopa, na kufuli ndiyo dawa ya kwanza inayomjia mtu aliyeogopa. Lakini kumfungia mgonjwa wa demensia ndani peke yake sitakubaliana nako hata siku moja. Moto ukiwaka hatajua pa kutokea. Na asiyeweza kupita mlangoni hujaribu dirishani. Nimewahudumia wazee waliovunjika nyonga kwa namna hiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya hilo na komeo lililowekwa juu au chini kabisa ya mlango, mahali macho yake hayafiki, linalotumika wakati kuna mtu mzima ndani anayeweza kulifungua mara moja. Hilo naliunga mkono. Pamoja nalo, wekeni kengele mlangoni, hata ile rahisi inayolia mlango unaposogea. Dakika ishirini zako zingekuwa sekunde tano.

Mkoba wake, viatu vya kutokea na miwani ya nje visikae mlangoni, kwani kuviona tu kunamwambia "ondoka". Wengine hushauri kutandika zulia jeusi mbele ya mlango ili mgonjwa alione kama shimo. Huenda kwa wengine linafanya kazi, lakini kumtisha mzee ndani ya nyumba yake, na pengine akajikwaa juu yake, naona ni bei kubwa mno.

Lenye faida zaidi ni kuiwahi saa kumi. Saa tisa mtembee pamoja, kweli kweli, mpaka achoke kidogo. Akirudi anywe maji, aende chooni, uangalie kama kuna mahali panamuuma, kwa sababu mara nyingi hamu ya "kwenda nyumbani" huwa ni haja ndogo au maumivu asiyoweza kuyataja. Washeni taa kabla giza halijaingia. Halafu mpe kazi. Mwalimu? Mpe madaftari na kalamu nyekundu asahihishe. Usicheke. Mtu aliyeshika kazi yake mkononi hana sababu ya kuifuata nje.

Vifaa vya kufuatilia mahali mtu alipo ni vizuri, lakini vina masharti mawili, kuvaliwa na kuchajiwa. Simu haifai kwa kazi hiyo kwa sababu yeye atatoka na simu itabaki mezani. Saa ya mkononi au kitu kilichoshonwa ndani ya nguo ni afadhali, na mwombe ridhaa angali anaweza kuitoa. Kama mtafanya kimoja tu, basi bangili isiyovuliwa kirahisi, yenye jina lake, namba mbili za simu na maneno "nina shida ya kumbukumbu".

Kuna karatasi moja pia. Nchini Uingereza polisi wana utaratibu uitwao Herbert Protocol, uliopewa jina la George Herbert, askari mkongwe wa mapigano ya Normandy ya 1944. Alikuwa na demensia, na alipotea akiwa njiani kuitafuta nyumba aliyokulia. Familia hujaza fomu mapema, mgonjwa angali nyumbani, ili siku ya balaa wasitumie saa ya kwanza kukumbuka mambo huku wakilia. Hata pasipokuwa na fomu rasmi, mnaweza kuandika ukurasa wenu. Picha ya mwezi huu. Ile ya harusi ya mjukuu miaka kumi iliyopita haitamsaidia mtu kumtambua. Majina yake yote, hasa la utotoni. Lugha zake. Shule alizofundisha na nyumba alizoishi, kwa mpangilio wa miaka. Anaogopa nini: mbwa? watu wenye sare? Anatulizwa na nini, wimbo, sala, jina la dada yake? Dawa anazotumia. Kila asubuhi mpigeni picha moja kwa simu akiwa na nguo za siku hiyo. Ni sekunde mbili. Na kama polisi wa kwenu wana mbwa wa kunusa, soksi aliyoivaa usiku mmoja, isiyofuliwa, ikiwa peke yake ndani ya mfuko safi uliofungwa, itawafaa sana.

Hukuniambia kama alipimwa na daktari baada ya kupatikana. Kama bado, mpeleke kesho. Usiku mzima nje humwachia mzee upungufu wa maji mwilini, vidonda vya miguu, wakati mwingine ufa wa nyonga asioulalamikia. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na inawezekana alianguka, usingoje kesho. Kichwa kichunguzwe leo. Mwulize daktari pia kuhusu siku chache za kabla ya kupotea. Mkanganyiko uliozidi kwa ghafla, tofauti na wa kila siku, mara nyingi una kisababishi kinachotibika, kama maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo au dawa mpya. Na masikio yake yapimwe. Huenda sehemu ya ukimya wa usiku ule ilikuwa nta tu.

Wewe nawe unahitaji zamu. Kaka yako mwenye hofu ya kutosha kununua kufuli ana nguvu ya kutosha kukaa na mama kuanzia saa tisa hadi saa moja usiku siku tatu kwa wiki. Mwambie nimesema mimi.

Bado wale wanafunzi. Usimwambie kwamba alistaafu zamani. Kwake itakuwa habari mpya, na ya kuumiza, kila jioni. Wala huna haja ya kuapa kwamba wapo. Mwulize: "Leo ni darasa la ngapi, Mwalimu?" Umsikilize. Kisha mvae viatu wote wawili, mtoke, mtembee hadi mwisho wa ua umshike mkono. Mwulize yupi kati yao ni mtundu zaidi. Mgeuke taratibu akiwa bado anakusimulia, na atakapofika kwenye kisa cha huyo mtundu mtakuwa tayari mmeshaufikia mlango.